Pasaka ya Kuagiza na Bakuli Moja la Mbao

Bibi alinikabidhi simu, akageuza uso dirishani. "Piga wewe, mwanangu," aliniambia. "Mimi maneno hayo hayanitoki."

Maneno yenyewe yalikuwa mepesi. Supu ya kuku lita tatu, na matonge yake ya unga wa matza, mkate usiotiwa chachu. Kidari cha ng'ombe ratili sita. Samaki wa gefilte, yaani wa kusagwa na kufinyangwa, vipande kumi na viwili. Kugeli ya viazi, yaani viazi vya kukwaruzwa vilivyookwa, moja kubwa. Karoti zilizopikwa na plamu kavu. Halafu jina, anwani na namba ya kadi. Ilikuwa katikati ya Machi 2023, tuko ghorofa ya sita upande wa magharibi ya Manhattan, na mwanamke aliyepika mlo wa Pasaka ya Kiyahudi kwa mikono yake tangu alipoolewa alikuwa anauagiza dukani kwa mara ya kwanza. Alikuwa na miaka 85. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa ugonjwa wa viungo kiasi kwamba hata kifungo cha sweta namfunga mimi.

Kazi yangu ni kutunza wazee, kazi ambayo Watanzania na Wakenya wengi tulioko Marekani tunaijua vizuri. Kwa Bibi nililala siku tano kwa wiki. Nilimwita Bibi kwa sababu ulimi wangu ulikataa kumwita mtu wa umri ule kwa jina lake, na yeye alipoijua maana ya neno hilo akalipenda, akawa hata kwenye simu na wajukuu anajitambulisha nalo.

Nilipiga simu nikaagiza. Nilipokata, alikuwa bado anatazama nje. Aibu ile niliitambua mara moja, maana nimekulia ndani yake. Kwetu Tanga, Ngamiani, mama yangu alikuwa na msemo wake kwa nyumba iliyonunua pilau ya Idd: "Nyumba ile leo haikutoa moshi." Alikuwa hamsengenyi mtu, akiusema kwa huruma, kama anayetoa habari ya ugonjwa. Sikukuu kwake ilianza usiku wa manane, kitunguu kikikaangwa, na mtoto aliyeamshwa na harufu hiyo ndiye aliyejua kwamba mwezi umeandama. Nyumba isiyotoa moshi ilikuwa na msiba, au umaskini, au mwenye nyumba kachoka na maisha. Kwa hiyo niliposimama jikoni kwa Bibi na simu mkononi nilijua kilichokuwa kinamuuma.

Mwanawe, anayeishi California, alikuwa ametoa wazo jingine kabla: twende mgahawani. New York siku hizi migahawa mingi huweka mlo wa Pasaka, mingine ya kosha, yaani halali kwa sheria ya Kiyahudi, na mingine si ya kosha kabisa, unalipia kiti unakula unaondoka. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza swali moja tu. "Na mlango nitaufungua wapi?"

Ambaye hajawahi kukaa kwenye meza ile hataelewa swali hilo, kwa hiyo nieleze. Mlo wa usiku wa kwanza wa Pasaka ya Kiyahudi unaitwa sederi, yaani utaratibu, na ni utaratibu kweli. Kuna kitabu, Hagada, kinachosomwa mezani, na nusu kubwa ya kitabu husomwa kabla chakula hakijaguswa. Kuna vikombe vinne vya divai. Mtoto mdogo kuliko wote huuliza maswali manne, yote yakitaka kujua kwa nini usiku huu ni tofauti na usiku mwingine wote. Kipande cha matza hufichwa ili watoto wakitafute. Na baada ya kula, mtu huinuka akaufungua mlango wa nyumba kwa ajili ya Nabii Eliya, ambaye kikombe chake kimejazwa na kinamngoja mezani. Mambo haya huchukua saa tatu, hata nne. Mgahawani mhudumu amesimama na sinia, meza ya jirani wanacheka mambo yao, na mlango unafunguliwa kila dakika kwa kila mteja. Bibi hakuwa mkaidi. Alikuwa anajua sederi imejengwa kwa vitu gani, na kimojawapo ni mlango wa nyumba.

Wala hakuwa adui wa kula nje. Tarehe 25 Desemba kila mwaka tulikwenda kula chakula cha Kichina, na hiyo ni desturi ya Wayahudi wengi wa New York, wala haijaanza leo. Wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Ulaya Mashariki walijazana kusini mashariki mwa Manhattan, jirani kabisa na Wachina. Krismasi mji mzima ukifungwa, Wachina walifungua. Upishi wao hautumii maziwa, kwa hiyo lile katazo kubwa la kosha, la kuchanganya nyama na maziwa, halikuwakaba. Nyama ya nguruwe ilikuwemo, ndiyo, na kila familia iliamua yenyewe itaiona au haitaiona. Bibi alikuwa anasubiri siku hiyo kama mtoto, anachagua bata wiki nzima kabla.

Na Yom Kippur, siku ya toba, alinunua kila kitu bila kinyongo. Huo ni mfungo wa saa 25, bila chakula wala tone la maji, kutoka kabla ya jua kuzama hadi nyota za kesho yake. Kufuturu kwao ni chakula baridi: beigeli, jibini laini, salmoni na samaki wengine wa moshi. Ni baridi kwa sababu siku hiyo haipikwi kitu, na mtu aliyetoka sinagogi na njaa ya saa 25 hana nguvu ya kuwasha jiko. Ukipita Zabar's, duka lililoko Broadway na mtaa wa 80 tangu 1934, siku moja kabla ya mfungo huo, utaona foleni ya watu wanaongoja kukatiwa samaki vipande vyembamba kama karatasi. Hakuna anayeona haya. Mimi niliyezoea kufuturu uji wa pilipili manga na muhogo wa nazi niliona ajabu ya chakula baridi, lakini mantiki yake niliielewa papo hapo.

Basi kilichomwaibisha Bibi hakikuwa kununua. Ni kununua usiku huu mmoja.

Sasa, kuagiza Pasaka si kama kuagiza chakula cha siku ya kawaida. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalijua neno "mikate isiyotiwa chachu": Wana wa Israeli walitoka Misri kwa haraka, unga ukawa haujaumuka. Kwa kumbukumbu hiyo, siku saba katika Israeli na nane kwa Wayahudi wengi wa nje, kisile wala kisionekane nyumbani kitu chenye chachu kutokana na nafaka tano: ngano, shayiri, rai, oti na ngano ya kale iitwayo speliti. Matza yenyewe ni ya ngano, ila tangu maji yaguse unga hadi mkate uive tanuruni zisipite dakika 18. Bibi alikumbuka kiwanda cha Streit's mtaa wa Rivington, kilichofanya kazi pale tangu 1925 hadi kilipofungwa 2015 na kuhamishiwa nje ya jiji. Alipokuwa msichana, wafanyakazi wake waliwapa watoto dirishani matza ingali moto. Alilisema hilo kila mara nilipofungua boksi la dukani.

Na Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya Mashariki kama Bibi, waliongeza katazo lao: wali, maharage, mahindi na dengu navyo haviliwi Pasaka, kwa hofu ya zamani ya kuchanganyika na nafaka zile tano. Wayahudi wengi wa asili ya Uarabuni na Afrika Kaskazini hula wali bila shida. Mwaka 2015 marabi wa madhehebu ya Konsavativu huku Marekani walitoa fatwa kuwa hata Waashkenazi wanaweza kula. Wajukuu wa Bibi wanakula, Bibi hali. Mimi mtoto wa Tanga, sikukuu isiyo wali, isiyo chapati, isiyo maharage wala sambusa ilinichukua muda kuielewa.

Kahawa iliponea chupuchupu, na hili nalisema kwa sababu sisi tuna Usambara nyuma ya mgongo. Kwa Kiingereza buni huitwa kwa neno lilelile la maharage, na miaka ya 1920 Wayahudi wengi wa Marekani waliiepuka Pasaka wakidhani ni maharage kweli. Kampuni ya Maxwell House ikatangaza kwamba buni ni mbegu ya tunda, jambo ambalo mtoto yeyote wa Lushoto angewaambia, na kuanzia 1932 ikagawa Hagada bure kwa wanunuzi wa kahawa yake. Hagada za Bibi zilikuwa hizohizo, kumi na mbili, zenye madoa ya divai ya watu waliokwishakufa. Aliyajua madoa kwa majina.

Bibi hakushika kosha kwa ukali mwaka mzima. Lakini safari hii alichagua duka lenye usimamizi wa rabi, ghali kuliko lile alilokuwa akinunua samaki wake. Duka la namna hiyo jua likizama usiku wa sikukuu halifanyi kazi, halipokei simu wala halipokei fedha. Usipopata chakula chako kabla ya hapo hukipati. Oda zilifungwa siku nyingi kabla. Jumla ilikuwa dola 400 na ushei kwa watu saba. Nilimwuliza kwa nini asichukue kwa yule wa zamani. Akasema, "Ili na wewe ule nyama." Alikuwa ananiona siku zote nikila samaki na mayai kwake, akanyamaza. Mimi kwangu mnyama aliyechinjwa na Ahlul Kitabu kwa taratibu zao, Qurani imenihalalishia katika Suratul Maida. Sikuwahi kumwambia. Yeye alikuwa ametafuta mwenyewe.

Mwaka huo hesabu za mwezi zilikuwa zimekutana. Sederi ya kwanza iliangukia Jumatano tarehe 5 Aprili 2023 jioni, na mimi nilikuwa kwenye mfungo wa 14 wa Ramadhani. Kalenda zote mbili hufuata mwezi, na Pasaka huwa usiku wa mwezi mpevu, wa kumi na tano. Tofauti ni kwamba Wayahudi huongeza mwezi mzima mara saba katika kila miaka 19 ili Pasaka yao isitoke majira ya kuchipua, na sisi hatuongezi, kwa hiyo Ramadhani inatembea mwaka mzima. Zikikutana hukaa pamoja miaka michache tu, kisha zinaachana. Bibi alinichorea yote hayo nyuma ya bahasha ya bili ya umeme.

Kabla ya siku hiyo tulikaa tukapanga: nini kinunuliwe, nini kibaki mikononi mwetu. Huo ndio wakati uso wake ulipoanza kurudi. Na hapa ndipo nilipopata msimamo ambao ninao hadi leo, hata kwa Idd yangu: ukinunua mlo wa sikukuu, bakiza kitu kimoja ukitengeneze mwenyewe, na ukichague kwa akili. Usibakize kile kinachohitaji saa nane za moto ili uonekane umefanya kazi. Bakiza kile ambacho dukani hakiwezi kupatikana kikiwa chenyewe.

Kidari, kwa mfano, nunua bila wasiwasi. Nyama ile ngumu ya kifuani huiva polepole mpaka mishipa yake iyeyuke, na siku ya pili ni tamu kuliko ya kwanza. Inakatwa ikiwa baridi, inapangwa ndani ya mchuzi wake, inapashwa taratibu ikiwa imefunikwa. Ni kama imeumbwa kwa ajili ya kuagizwa. (Watu huniuliza mbona si kondoo, na Pasaka ni ya mwanakondoo. Ni kwa sababu kondoo wa Pasaka alikuwa sadaka ya Hekaluni Yerusalemu, na Hekalu lilibomolewa na Warumi mwaka 70. Waashkenazi wengi usiku huo hawali kabisa nyama ya kuchoma, wanaweka mfupa tu kwenye sahani ya kumbukumbu.) Samaki wa gefilte huliwa baridi, kwa hiyo hana hasara njiani, na Bibi mwenyewe alikiri kwamba tangu mikono ianze kuuma wake alikuwa anatoka mgumu. Karoti hazidhuriki. Kugeli ya viazi ndiyo yenye ujanja: mvuke wa njiani huilowesha, lazima uifunue uirudishe kwenye jiko kali mpaka ngozi ya juu ikauke tena.

Supu iombe ije mbalimbali na matonge yake. Hili nililisahau kwenye simu, na duka nalo halikukumbuka. Chombo kilipofika, matonge yalikuwa yamelala ndani ya mchuzi saa zote hizo, yameunywa karibu nusu, yamevimba yanamomonyoka.

Kilichobaki mikononi mwetu kilikuwa haroseti. Jina lake linakumbusha neno la Kiebrania la udongo wa mfinyanzi, na maana yake mezani ni tope la matofali ambayo Wana wa Israeli waliyafyatua kwa Firauni. Ni mchanganyiko wa matufaha, walnati, mdalasini na divai tamu, uliokatwakatwa ukawa rojo lenye vipande. Dukani waliuza, sampuli tulionja wiki mbili kabla. Ilikuwa imesagwa kwa mashine, laini kama chakula cha mtoto mchanga. Bibi aliweka kijiko chini akasema, "Hakuna tofali hapa."

Akanionyesha kabati la juu. Ndani kulikuwa na bakuli la mbao, zito, limechimbika katikati kwa miaka ya kukatiwa, na kisu chake cha mviringo chenye mpini juu, kinachoshikwa kama muhuri. Lilikuwa la mama yake, aliyekuja nalo kwenye meli kutoka Poland. Ndani ya bakuli hilo mama yake alikuwa akikata samaki wa Ijumaa zote na haroseti ya Pasaka zote. Nilipoliweka mapajani nikaanza kukata, mwili wangu ulilielewa kabla ya kichwa: ni mbuzi ya kukunia nazi, ni kinu, ni chombo cha mwanamke aliyekaa chini na kazi mbele yake.

Asubuhi ile ya Jumatano tulikaa jikoni, yeye kwenye kiti cha magurudumu, mimi kwenye kigoda. Nikakata. Bibi akasema divai tuiache, tutie maji ya zabibu, yanaruhusiwa hata kwa vikombe vinne. Hivyo nami nitaila jioni. Maji ya zabibu yalipungukiwa ule utamu mzito, akafikiri kidogo, akaniuliza zile tende zangu bado zipo. Wayahudi wa Iraki haroseti yao ni ya tende, alisema, jirani yake mmoja aliwahi kumlisha. Nikatoa tende saba kwenye boksi langu la futari, nikazitoa kokwa, zikaingia. Kwa mdalasini nilimwomba ruhusa. Chupa yake ilikuwa na unga wa zamani usio na harufu. Mimi nilikuwa na magome aliyonitumia mama, ya Muheza, bado yana ukali wa kuwasha pua. Niliyasaga.

"Onja," akasema.

"Siwezi, Bibi. Nimefunga."

Mashekhe wanamruhusu mpishi mwenye haja aonje kwa ncha ya ulimi kisha ateme. Nalijua hilo, na mama alilifanya kila Ramadhani kwenye mchuzi. Lakini kulikuwa na ulimi mwingine pale, uliokuwa ukiijua haroseti hiyo kwa miaka themanini. "Basi lete huku," Bibi akasema. Nikamwekea kijiko mdomoni. Akafumba macho. "Matufaha zaidi. Vipande ni vikubwa upande wako wa kushoto, unakata kwa kuegemea." Nikakata. Kijiko tena. "Mdalasini." Nikaongeza. Kijiko. "Kidogo tena." Nikahofu, maana ule wa Muheza hauna mzaha, lakini nikaongeza. Tulikwenda hivyo karibu saa nzima, mikono yangu na ulimi wake, na kati ya kijiko na kijiko alinisimulia jinsi mama yake alivyompiga kofi la mkono siku alipokata walnati kabla ya matufaha. Walnati huingia mwisho, vinginevyo hutoa mafuta. Nimeandika hapa ili isipotee.

Nikazungushia bakuli kitambaa. Jikoni hapakuwa na moshi, lakini palikuwa na harufu, ya mdalasini na matufaha yaliyojeruhiwa, na Bibi aliomba mlango wa jikoni uachwe wazi ili ifike barazani.

Chakula kilikuwa kifike saa sita mchana. Saa sita ikapita, saa nane, saa tisa. Simu ya duka ikaita bila kupokewa, kisha ikawa haiiti. Mwanawe na mkewe na watoto wao wawili walikuwa wamefika kutoka uwanja wa ndege, na mzee mjane wa ghorofa ya nne alikuwa amekwishavaa tai. Bibi akakaa kimya kabisa. Nilianza kuchemsha mayai na viazi kwa tahadhari. Saa kumi na moja na nusu jioni kijana alifika na mifuko minne, amelowa jasho, bado ana nyumba tatu za kupeleka kabla ya jua. Mfupa wa sahani ya kumbukumbu haukuwemo. Mzizi mkali wa kulia samaki haukuwemo. Matonge nimekwishayasema.

Nimeagiza vyakula vingi maishani, lakini kosa la mlo wa sikukuu lina uzito wa peke yake, kwa sababu hakuna kesho ya kulirekebisha. Anayetaka ushauri namshauri hivi: pokea siku moja kabla hata kama friji itajaa, fungua kila chombo mbele ya aliyeleta, na uwe na orodha mkononi.

Bibi ndiye aliyetuokoa. Badala ya mfupa aliniambia nioke bitiruti. Wasiokula nyama hufanya hivyo na wana hoja yao ya kale kutoka kwenye Talmudi, kitabu cha kale cha sheria za Kiyahudi. Badala ya mzizi mkali, mboga chungu ikawa ni majani ya letasi ya Kirumi, ambayo kwa wengi ndiyo chaguo la kwanza hasa. Matonge yaliyosalimika tulihesabu, yakawa moja kwa kila mtu na mawili kwa mtoto. Alitoa amri hizo kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia mwezi mzima.

Jua lilizama saa moja na dakika ishirini na nne. Nilifuturu jikoni kwa tende tatu na maji, nikaswali Magharibi chumbani kwangu, na nilipotoka kiti changu kilikuwa kimewekwa kati ya Bibi na mjukuu mdogo, na kikombe changu kimejazwa maji ya zabibu. Hadi giza liingie sawasawa hawakuanza. Nilijua hawaanzi, lakini najua pia walinisubiri.

Karibu na mwanzo kabisa, matza ikiwa imeinuliwa, husomwa maneno ya Kiaramu: mkate wa dhiki huu, waliokula baba zetu Misri, kila mwenye njaa aje ale. Mzee wa ghorofa ya nne aliyasoma taratibu. Kisha mtoto akauliza maswali yake. Kisa cha Musa na Firauni nilikijua toka chuoni kwa mwalimu wangu pale Ngamiani, na kila Ashura tulifunga kwa ajili yake, lakini sikuwahi kukila. Chumvi ya machozi, uchungu wa majani, tope la matofali. Ilipofika zamu ya haroseti, kila mtu akaweka kidogo juu ya mboga chungu, nami nikaweka. Mwanawe Bibi alitafuna, akaacha kutafuna, akamtazama mama yake.

"Hii ni ya nani?"

"Yetu," Bibi akasema, akaniwekea mkono wake uliopinda juu ya wangu.

Kidari kililiwa chote na hakuna aliyeuliza kimetoka wapi. Baada ya chakula nilikuwa karibu na mlango kuliko wengine, kwa hiyo niliinuka mimi kuufungua. Ukumbi ulikuwa mtupu, taa yake inawaka, na milango miwili mbele nyumba nyingine ilikuwa nayo imefunguliwa.

Niliosha vyombo hadi saa saba usiku. Bakuli la mbao nilikatazwa nisilitie sabuni. Nilisugua kwa chumvi, nikalifuta, nikalipaka mafuta. Saa kumi alfajiri niliamka kula daku. Wengine walikuwa wamelala mpaka kwenye kochi. Nilikaa kwenye kigoda changu jikoni gizani, na matza mbili na haroseti iliyobaki, nikila polepole sasa bila mtu wa kunitazama. Ilikuwa imekaa vizuri zaidi kuliko jioni. Tende zilikuwa zimeyeyuka ndani ya matufaha.

Chumbani kwake Bibi alikohoa. "Uko macho, mwanangu?"

"Niko, Bibi."

"Niambie kweli sasa. Mdalasini ulizidi?"

Nikaweka kijiko kingine mdomoni, nikakisikiliza mpaka mwisho kabla ya kumjibu.

"Haukuzidi, Bibi."